Mpimeni Mzee Presha Akiwa Amesimama

Mzee akianguka, familia hutafuta kilichomkwaza: mkeka uliokunjamana, sakafu yenye maji, kandambili zilizolika. Mara nyingi kipo. Lakini wapo wanaoanguka kwenye sakafu kavu, mchana kweupe, punde tu baada ya kuinuka kitandani. Hao inafaa tuwaulize moyo na mishipa yao kabla ya kulaumu mkeka.

Mtu anaposimama, nusu lita ya damu au zaidi hushukia miguuni na tumboni. Mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani huhisi upungufu huo, nao ubongo huamuru moyo uongeze mapigo na mishipa ijikaze. Kijana hata hajui kama jambo hilo limepita. Uzeeni mishipa imekakamaa na moyo unachelewa kuitika, hivyo ubongo hukosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Macho huingia giza, magoti hulegea. Presha ikishuka kwa 20 au zaidi kwenye namba ya juu, au 10 kwenye namba ya chini, ndani ya dakika 3 za kusimama, hilo ni tatizo la kutibiwa. Wengine huzimia kwa sekunde chache na wasikumbuke kabisa; ukiwauliza watakuapia kuwa waliteleza.

Wengi wa wazee hawa ni wagonjwa wa presha ya kupanda. Mtu anaweza kuwa na 160 akiwa amekaa na 125 akishasimama, na kliniki nyingi humpima amekaa tu, kisha dozi huongezwa. Dawa za kutoa maji mwilini, dawa za tezi dume na baadhi ya dawa za usingizi au za msongo huzidisha hali hiyo, hasa zikiandikwa na madaktari tofauti wasiojuana. Ndiyo maana napenda mzee aje na mfuko wake wote wa dawa, za hospitali na za miti shamba pia.

Msikimbilie kuacha dawa za presha, hata hivyo. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi, na kiharusi nacho huangusha. Daktari ndiye apunguze dozi au abadilishe dawa na saa ya kuimeza.

Nyumbani yapo ya kufanya. Mzee akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ndipo asimame huku ameshika kitu. Anayeona kizunguzungu akiinuka kutoka sijida asione aibu kuswali ameketi, dini imemruhusu. Baada ya mlo mzito wa wanga presha hushuka pia, kwa hiyo ale kidogo kidogo na asiondoke mezani kwa haraka. Maji ni muhimu, ingawa wazee wengi huyakwepa wasije wakaamka usiku kwenda chooni. Mwenye moyo uliopanuka au figo dhaifu aulize kiasi chake. Kwa wenye choo cha nje, ndoo au chombo cha haja ndogo kando ya kitanda huokoa nyonga. Na miguu iimarishwe: kuinuka kitini bila kutumia mikono, mara kadhaa kila siku, ni zoezi lisilo na gharama.

Kuna kuanguka kusikosubiri. Mzee akizimia ghafla bila dalili, akizimia akiwa amekaa, au akianguka akiwa na maumivu ya kifua au mapigo yasiyo na mpangilio, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apimwe umeme wa moyo. Pengine njia ya umeme imekatika na anahitaji betri ya moyo, ambayo huwekwa hata hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Mkimsindikiza mzee kliniki, ombeni apimwe baada ya kulala dakika 5, kisha tena akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Kipimo ni kile kile kilichopo mezani.