Bwana na Bibi Hore katika Njia ya Saadani

Msafiri atokaye Bagamoyo kwenda kaskazini, akiisha kuvuka mto Wami, hufika Saadani. Leo ni kijiji tu kando ya bahari, na nchi iliyokizunguka ni hifadhi ya wanyama. Lakini katika karne ya kumi na tisa Saadani ilikuwa bandari yenye sifa, chini ya mtawala wake Bwana Heri bin Juma, nayo ilishindana na Bagamoyo na Pangani kwa biashara ya bara. Katika maongezi haya twataka kueleza habari za jamaa moja ya Kiingereza, mume na mke na mtoto wao mmoja, waliopita njia hiyo. Na hasa twataka kueleza ni nani waliowafikisha walikokwenda.

Mume aliitwa Edward Coode Hore, mzaliwa wa London wa mwaka 1848, nahodha kwa kazi yake. Mwaka 1877 alijiunga na Chama cha Misioni cha London, kilichotaka kuweka kituo Ujiji, penye ziwa Tanganyika. Chama hicho kilikuwa kimechagua Saadani badala ya Bagamoyo, kwa sababu mwaka 1876 Roger Price, aliyeifahamu kazi ya magari ya ng'ombe huko kusini mwa Afrika, alikwenda na maksai wachache mpaka Mpwapwa, akaona njia yafaa. Basi watu wakatumaini kwamba wapagazi hawatahitajiwa tena. Mbung'o hawakushauriwa. Mwaka uliofuata maksai walikufa, magari yakaachwa, na mizigo ikarudi mabegani. Hore na wenzake walifika Ujiji mwezi wa Agosti 1878, baada ya mwaka mzima na zaidi. Mmoja wa wenzake, Thomson, alikufa mwezi uliofuata. Dodgshun, aliyechelewa njiani, alifika mwaka 1879 akafa baada ya siku chache.

Hore hakukata tamaa. Alilizunguka ziwa kwa tanga, akalipima na kulichora, kisha akarudi kwao akamwoa Annie Boyle mwaka 1881. Mwaka 1882 walikuja pwani pamoja na mtoto mchanga, Jack. Safari hiyo ya kwanza ilishindikana kwa mama na mtoto, wakarudi Uingereza. Baba aliendelea na chombo cha chuma kilichoitwa Nyota ya Asubuhi, ambacho kilifikishwa Ujiji vipande vipande, mwendo wa zaidi ya maili 800, kikaundwa tena huko na kushushwa majini mwaka 1883.

Mwaka 1884 Bibi Hore alijaribu tena. Safari hii alichukuliwa katika kiti cha namna ya pekee. Huko Uingereza palikuwa na viti vya magurudumu vilivyotumiwa na wagonjwa na wazee, vilivyopata jina lake katika mji wa Bath, ambao watu huenda kuoga maji ya moto yatokayo ardhini. Lakini njia zetu za bara zilikuwa vichochoro vya mguu mmoja mbele ya mwingine, na gurudumu halina kazi mahali pa namna hiyo. Basi kiti kikatungikwa katika mti mrefu, kama machila, wanaume wakauweka mabegani wakipokezana.

Na tufikiri kidogo kazi ya wanaume wale. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratli 60 au 70, nao hautikisiki wala hauogopi. Mtu aliye hai ni mzigo mwingine. Mchukuzi akijikwaa, bibi ameanguka. Na kivukoni maji yakifika kifuani, kiti sharti kiinuliwe juu ya vichwa. Kirangozi hutangulia, wengine hufuata kwa mstari. Kupita Mpwapwa ipo nyika ya Marenga Mkali, isiyo na maji, na hapo msafara hauna budi kuterekeza, yaani kwenda tena jioni baada ya mwendo wa asubuhi, kulala pakavu, na kuamkia njiani. Baada ya hapo ni Ugogo, ambako kila mtemi hudai hongo, na msafara hungoja mpaka maneno yaishe.

Kutoka mwezi wa Oktoba mpaka tarehe 7 Januari 1885, siku kama 90, msafara ulifika Ujiji. Hesabu hiyo ni maili tisa kwa siku, pamoja na siku za kungoja. Bibi Hore alikuwa mwanamke wa kwanza wa Ulaya kulifikia ziwa hilo, na mwaka 1886 kitabu chake kilichapishwa London. Jina la kitabu lataja ziwa, tena lataja kiti. Mabega hayakutajwa. Kwa maoni yetu hilo ni pungufu, maana maksai walikuwa wameshindwa na gurudumu pia.

Jamaa hii ilikaa katika kisiwa cha Kavala, upande wa magharibi wa ziwa, bibi akiwafundisha wasichana. Jack alikulia humo. Afya yake ilipodhoofika, wazazi waliondoka naye mwaka 1888, na mwaka uliofuata alikufa London, hajatimiza miaka minane. Mwaka huo huo pwani yetu ilikuwa vitani, na Bwana Heri akipigana na Wadachi kuilinda Saadani.

Wazazi hawakurudi tena Tanganyika. Hore aliingia katika kazi ya merikebu ya misioni iitwayo John Williams, katika visiwa vya Pasifiki, hata mwisho wakahamia Tasmania, kusini mwa Australia. Huko alifariki mwaka 1912, miaka miwili kabla ya reli ya Dar es Salaam kufika Kigoma, karibu na Ujiji. Mkewe aliishi mpaka mwaka 1922.