Fahamu: Kwa nini wenye ndege ndogo wanang'oa geji za zamani

Katika Cessna 172 nyingi za zamani, geji inayoonyesha kama ndege imelala upande, pamoja na ile ya mwelekeo, hutegemea jairoskopu zinazozungushwa na hewa. Hewa hiyo hufyonzwa na pampu iliyofungwa kwenye injini. Ndani ya pampu mna mapanga ya kaboni yanayolika kidogo kidogo, kisha huvunjika bila kutoa dalili. Ubaya ni kwamba geji haizimi papo hapo. Jairoskopu hupungua kasi taratibu huku ikiendelea kudanganya, na rubani aliye mawinguni anaweza kuibinua ndege akidhani anainyoosha.

Mwaka 2016, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliruhusu skrini ndogo ya Garmin G5 ifungwe kwenye ndege za aina hii. Skrini hiyo haihitaji pampu, na inaweza kuwekewa betri yake ya akiba. Fundi mwenye leseni lazima atie saini kwenye daftari la ndege.

Ukaguzi, hata hivyo, uko palepale. Nchini humo, anayeruka kwa kutegemea vyombo lazima altimita yake ipimwe kila baada ya miezi 24, pamoja na mirija ya hewa. Mrija ukivuja, hata skrini ya bei mbaya itataja kimo kisicho sahihi.