Mtumishi Aliyemcheka Bwana

Neno "boi" halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa ukurasa huu. Mtu mzima, mwenye mke na wajukuu, aliitwa mtoto na yule aliyemlipa mshahara, akaitika, kwa kuwa nyumbani walikuwako watu wangojao unga. Tumelitanguliza neno hilo kwa makusudi, kwani mtu ambaye twataka kueleza habari zake alijipatia riziki kwa kuigiza kazi ya boi muda wa miaka 28, mbele ya masikio ya taifa zima la Marekani. Hata leo watu hawajaafikiana kama aliwaaibisha wenziwe au aliwainua.

Jina lake lilikuwa Edmund Lincoln Anderson, na kwa ufupi Eddie. Alizaliwa Oakland, California, tarehe 18 Septemba 1905. Baba yake alikuwa mchekeshaji wa jukwaani, na mama yake alitembea juu ya kamba katika sarakasi. Mali haikuwapo. Alipokuwa kijana mdogo Eddie aliuza magazeti katika mitaa ya San Francisco, na wauza magazeti waliamini kwamba apazaye sauti zaidi ndiye auzaye zaidi. Akapiga kelele siku baada ya siku hata koo likaharibika, na sauti yake haikupona tena. Ilibaki ya kukwaruza, kama msumeno upitao katika mbao kavu.

Twawaomba wafanyakazi wenzetu walitazame jambo hili. Mchukuzi hupata maumivu ya mgongo, mchimba madini hupata kifua. Huyu alipata koo bovu kabla hajawa mtu mzima. Lakini koo hilo bovu ndilo lililomtajirisha, maana katika redio mwigizaji hana uso wala mavazi. Ana sauti tu, na msikilizaji asipoitambua kwa neno la kwanza, mzaha umekwisha kufa. Sauti ya Anderson hakuna aliyeikosea. Neno moja tu likitoka kinywani mwake, watu walicheka kabla hajafika la pili.

Siku zile mchekeshaji aliyependwa sana katika redio ya Marekani alikuwa Jack Benny, aliyeanza mchezo wake mwaka 1932. Jumapili ya Pasaka, tarehe 28 Machi 1937, mchezo ulihusu safari ya garimoshi, na akatakiwa mtu wa kuigiza mtumishi wa behewa. Anderson akaitwa kwa siku hiyo moja. Wasikilizaji walimpenda, akaitwa tena, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepewa kazi ya kudumu: mtumishi wa nyumbani kwa Benny, jina lake Rochester. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa na nafasi ya kudumu katika mchezo wa redio uliosikilizwa nchi nzima.

Labda msomaji ataona hilo ni jambo dogo. Hasha, si dogo. Tangu mwaka 1928 mchezo uliosifiwa kuliko yote kuhusu maisha ya watu weusi uliitwa Amos 'n' Andy, na waliouigiza walikuwa Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, wakigeuza sauti zao. Mwaka 1945 ulianza mwingine ulioitwa Beulah, kuhusu mtumishi wa kike mweusi. Aliyemwigiza kwanza alikuwa mwanamume, tena Mzungu! Basi mtu mweusi hakunyimwa heshima tu, alinyimwa hata ujira wa kujidhihaki mwenyewe. Anderson alipoingia katika chumba cha redio, angalau kazi ya mtu mweusi ilifanywa na mtu mweusi, na mshahara ukaenda nyumbani kwake.

Sasa tuutazame mchezo wenyewe, maana hapo ndipo penye mabishano. Kila mzaha una mtu anayechekwa. Katika mchezo wa Benny, aliyechekwa alikuwa bwana. Benny alijifanya bahili asiye na mfano, mtu wa majivuno, aliyedai kila mwaka kwamba ana miaka 39, na aliyepiga fidla hata majirani wakafunga madirisha. Nani aliyajua yote haya kuliko mtumishi wake? Rochester ndiye aliyeliendesha lile gari kuukuu ambalo bwana alikataa kulibadili, ndiye aliyejua fedha zimefichwa wapi, naye ndiye aliyengoja mshahara usiofika. Alipopiga simu kumweleza bwana mambo ya nyumbani, aliongea kwa adabu, ila kila jibu lake lilikuwa na mwiba ndani. Bwana alibaki kimya, na kimya hicho ndicho kilichowavunja watu mbavu.

Sisi twauona ucheshi huu kuwa wa jamaa zetu. Mtu aliyepata kufanya kazi chini ya tajiri mchoyo anajua kwamba jikoni bwana huchekwa kuliko anavyodhani. Ajabu ni kwamba Anderson aliyatoa maneno ya jikoni akayapeleka sebuleni, wakati ambapo katika majimbo mengi ya nchi ile mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi katika hoteli moja na Mzungu.

Walakini hatutaki kumpaka mafuta. Katika miaka ya kwanza waandishi wa mchezo walimpa Rochester zile sifa mbaya ambazo Wazungu walizoea kumbandika Mweusi: kamari, ulevi, uvivu. Watu weusi wengi walichukizwa, nao walikuwa na haki. Baada ya Vita Kuu ya Pili mizaha ya namna hiyo iliondolewa. Mwaka 1950 waliutoa tena mchezo mmoja ulioandikwa takriban miaka kumi nyuma, na ile mizaha ya zamani ikiwamo. Malalamiko yakawafikia upesi. Wasikilizaji walikuwa wamebadilika, na hawakubadilishwa na watu wa redio peke yao. Walibadilishwa na watu weusi waliopigana vitani, wakafanya kazi viwandani, na waliporudi wakakataa kuketi nyuma.

Tena lipo jambo moja ambalo hatuwezi kulisamehe kwa urahisi. Katika miaka yote 28 Rochester hakupandishwa cheo. Alianza mtumishi, akaisha mtumishi. Mtu mwenye kipaji kama kile, aliyeigiza Nuhu katika filamu ya The Green Pastures mwaka 1936, na aliyekuwa mwigizaji mkuu katika Cabin in the Sky mwaka 1943, mlango aliofunguliwa siku zote ulikuwa ule wa nyuma.

Na hata humo mlangoni nyuma walikuwako waliomwona amejivuna mno. Mwaka 1945 ilitoka filamu ya Brewster's Millions, ambamo Anderson aliigiza mtumishi vile vile. Wakaguzi wa filamu katika mji wa Memphis waliipiga marufuku, kwa kuwa mtumishi huyo aliongea na Wazungu kama mtu aongeavyo na wenziwe. Wapo wasemao kwamba ucheshi wake haukumsumbua mbaguzi yeyote. Twawaomba waikumbuke Memphis.

Fedha alizipata, naye akawa miongoni mwa waigizaji weusi waliolipwa vizuri kuliko wote. Wakati wa vita, viwanda vingi vilipowafungia weusi milango, alitoa fedha zake kusaidia kuanzisha kiwanda cha parachuti mjini San Diego, na humo waliajiriwa watu wa rangi mbalimbali. Alinunua pia farasi wa mashindano akamwita Burnt Cork, yaani kizibo kilichounguzwa, ule masizi ambao waigizaji Wazungu walijipaka usoni ili waonekane weusi. Farasi huyo alikimbia katika mashindano makubwa ya Kentucky mwaka 1943, akawa wa mwisho. Jina, hata hivyo, lilifika uwanjani, na twadhani ndilo alilotaka mwenyewe lifike.

Televisheni ilipoingia, Benny alianza kuigiza humo mwaka 1950, na Anderson akaenda naye. Sasa watu waliuona uso uliokuwa nyuma ya sauti: macho yaliyomtazama bwana kidogo tu, kisha yakageukia watazamaji, bila neno lolote. Mchezo wa redio ulikoma mwaka 1955, ule wa televisheni mwaka 1965.

Afya yake ilikuwa imeanza kupungua, ila koo lile lilikuwa bado na kazi. Mwaka 1970 aliajiriwa kutoa sauti katika filamu za katuni za Harlem Globetrotters, timu ya weusi wa mpira wa kikapu. Watoto waliotazama hawakumjua Rochester. Walisikia sauti ya kukwaruza ya mchezaji mmoja wa timu, asiyemwita mtu yeyote bwana. Eddie Anderson alifariki tarehe 28 Februari 1977.