Usiache Mbachao: Namna ya Kuirejesha Skrini Iliyozima Baada ya Kupandisha Toleo la Linux

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kueleza tatizo linalowakumba baadhi ya watumiaji wa Linux: kipakatalishi huwaka, feni ikavuma, taa zikamulika, lakini skrini ikabaki nyeusi tititi mara tu baada ya toleo la mfumo kupandishwa. Tatizo hili lilimfika mwandishi akiwa Embu, wiki mbili kabla ya kuwasilisha tasnifu. Ndani ya kipakatalishi hicho mlikuwa na rekodi za wazee wa Nkubu kule Meru na wa Runyenjes, Embu, zilizokusanywa ili kulinganisha ngeli za Kimeru na za Kiembu. Mmoja wa wazee hao alikuwa amekwisha kufariki. Fundi wa kwanza kuombwa msaada alitikisa kichwa, akasema dawa ni moja tu: kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya.

Ushauri wa aina hiyo hutolewa kwa nia njema, ila aghalabu si wa lazima. Skrini nyeusi si ushahidi kwamba faili zimepotea.

Chanzo cha tatizo

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Ubuntu, mojawapo ya mifumo iliyojengwa juu yake, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Mwanaisimu hatashindwa kulitambua jina hilo la Kinguni: shina lake ndilo lililomo katika muntu wa Kimeru, mundu wa Kiembu na mtu wa Kiswahili.

Moyo wa mfumo huu ni kiini, yaani keneli, kinachosimamia mawasiliano baina ya programu na vifaa. Ili picha ionekane, kiini huiagiza kadi ya michoro kupitia programu ndogo iitwayo kiendeshi. Toleo linapopandishwa, kiini nacho hubadilika. Kwa mfano, Ubuntu 22.04 ilitoka na kiini cha 5.15, ilhali 24.04 ilitoka na kiini cha 6.8. Kiendeshi cha awali, hasa cha baadhi ya kadi za Nvidia, huenda kisipatane na kiini kipya. Sababu nyingine ni umeme kukatika na betri kuisha katikati ya kazi, mfumo ukabaki nusu mpya, nusu wa zamani. Katika hali zote mbili, faili za mtumiaji kwa kawaida huwa hazijaguswa.

Hatua za kufuata

Kwanza, bainisha iwapo kosa ni la kifaa au la mfumo. Nembo ya mtengenezaji ikionekana kabla ya giza kuingia, skrini yenyewe ni nzima. Isipoonekana, mulika skrini kwa tochi. Ukiona picha hafifu, taa ya ndani ndiyo yenye hitilafu, na hiyo ni kazi ya fundi wa vifaa.

Pili, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Yakitokea maandishi yanayoomba jina na nywila, mfumo u hai; kilichokwama ni sehemu ya picha tu.

Tatu, rudia kiini cha zamani. Zima kipakatalishi, ukiwashe tena, kisha bonyeza Esc, au ushikilie Shift katika mashine za zamani, hadi menyu ya GRUB itokee. Chagua "Advanced options for Ubuntu", halafu kiini chenye nambari ndogo. Kwa kawaida Ubuntu haikifuti kiini kilichotangulia papo hapo.

Nne, hilo lisipofaa, rudi kwenye menyu hiyo, uchague Ubuntu na kubonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza kwa neno linux, uongeze nafasi na neno nomodeset mwishoni mwake, kisha ubonyeze F10. Neno hilo hukiamuru kiini kitumie picha ya kimsingi. Badiliko hili hudumu kwa uwashaji mmoja tu, kwa hiyo mwanagenzi hana haja ya kuogopa.

Tano, skrini ikirejea, nakili faili zako kwenye diski ya nje kabla ya jambo lolote lingine. Kisha fungua dirisha la amri. Andika sudo dpkg --configure -a ili kukamilisha kazi iliyokatika, halafu sudo apt update na sudo apt full-upgrade. Hatimaye andika sudo ubuntu-drivers install, amri inayotafuta kiendeshi kinachofaa.

Yote yakishindikana, washa mashine kwa flashi iliyowekwa Ubuntu, uchague kuijaribu bila kuisakinisha, na uziokoe faili zako. Hapo ndipo ushauri wa kufuta unapoweza kuzingatiwa.

Hitimisho

Kwa mwandishi, hatua ya tatu ilitosha: kiini cha zamani kiliwaka, na sauti ya marehemu ikasikika tena. Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao.

Pana funzo la lugha pia. Fundi na mwandishi walikosa msamiati wa pamoja wa kulijadili tatizo, nalo neno "futa" likawa jepesi kuliko maelezo. Mwaka 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilitupa maneno ya kuandikia barua. Ni wajibu wetu, wanafunzi wa Kiswahili, kuongeza maneno ya kutengenezea mashine inapoharibika.