KITAKO CHA BUNDUKI NA BEGA LA MLENGAJI

Zamani za ukoloni, Dubas, yaani askari wa vilemba vyekundu waliolinda upande wa Kaskazini wa Kenya hadi mipakani karibu na Lafey, walichukua bunduki za 303 ziitwazo Lee-Enfield. Wengi hudhani bunduki za aina moja hulingana zote. Sivyo. Vitako vyake vilitengenezwa kwa urefu mbalimbali, vikipitana kwa nusu inchi, na herufi ilipigwa juu ya mti: S ni kifupi, L ni kirefu. Mshonaji hampi mtu mrefu kanzu ya mtoto.

Kitako kikiwa kifupi mno, kidole gumba hugonga pua bunduki ipigapo teke. Kikiwa kirefu, bega huumia. Naye aliyeumizwa mara moja hufumba macho kabla ya mlio, na risasi huenda upande.

Darubini ina shida yake. Kwa kuwa hukaa juu ya mtutu, jicho hubaki chini. Ndiyo sababu bunduki za No. 4 (T), zilizotiwa darubini huko Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ziliongezewa kipande cha mti cha kuegemeza shavu. Jicho likae kama inchi 3 nyuma ya kioo. Likikaribia zaidi, nyusi hupasuka.

Kupima ni rahisi. Bunduki ikiwa haina risasi, mlengaji alale chini, afumbe macho, aegemeze shavu kwa starehe, kisha afumbue. Asipoona duara zima la mwanga, asivute shingo. Darubini ndiyo isogezwe.

Lakini huko Lafey, ardhi ishikapo moto saa sita mchana, mazigazi hucheza mbele ya shabaha, na darubini huyakuza pia. Heri kulenga asubuhi mapema.