Jinsi ya Kuifanya Tovuti ya Umma Ionekane Mwananchi Anapotafuta Taarifa Mtandaoni

Na Mwandishi Wetu

Mkulima wa ufuta wilayani Rufiji anapotaka kujua siku ya mnada, mara nyingi huanzia kwenye simu yake ya mkononi. Huandika maneno matatu au manne kwenye Google, kisha husoma majibu mawili au matatu ya mwanzo. Tangazo rasmi likiwa mbali chini ya orodha, anachokutana nacho ni bei ya msimu uliopita, uvumi uliosambazwa kwenye makundi sogozi au maneno ya mnunuzi anayetaka mazao nje ya utaratibu. Katika maeneo yanayouza ufuta na korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kukosa taarifa hiyo kunaweza kumsukuma mkulima kwenye biashara ya kangomba, akauza kwa hasara mazao aliyoyahudumia msimu mzima.

Ndiyo maana kazi ya taasisi haiishii pale tangazo linapowekwa kwenye tovuti. Tangazo ambalo mwananchi hawezi kulipata halijamfikia, hata kama limechapishwa kwa wakati. Makala haya yanaeleza namna injini za utafutaji zinavyofanya kazi, na hatua ambazo halmashauri, shule, vyama vya ushirika na jumuiya za vijijini zinaweza kuchukua bila gharama kubwa.

Injini ya utafutaji hufanya nini?

Injini ya utafutaji, kama vile Google au Bing, hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, programu zake hupita tovuti moja hadi nyingine kwa kufuata viungo vinavyounganisha kurasa. Pili, maneno yaliyomo katika kila ukurasa huhifadhiwa katika faharasa kubwa, mfano wa faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu. Tatu, mtu anapoandika swali, injini huchagua kurasa zinazolingana na maneno yake na kuzipanga kwa kuzingatia vigezo vingi, vikiwamo uhusiano wa maudhui na swali, ubora wa ukurasa na idadi ya tovuti nyingine zinazouaminika kiasi cha kuuelekezea wasomaji wao.

Wazo hilo la mwisho ndilo lililoipa Google nguvu ilipoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Kwao, kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kilihesabiwa kama ushahidi kwamba ukurasa unaoelekezewa una manufaa.

Kutokana na utaratibu huo, ukurasa usio na kiungo chochote kutoka kurasa nyingine unaweza usifikiwe kabisa. Vilevile, ukurasa usio na maneno ambayo mwananchi huyatumia hauwezi kulinganishwa kwa urahisi na swali lake.

Funzo kutoka jina la Ngarambe

Kata ya Ngarambe, iliyoko Wilaya ya Rufiji mkoani Pwani, ni mfano mzuri wa jambo hili. Ngarambe ni jina la mahali, lakini pia ni jina la watu wengi nchini Rwanda. Mtu akiandika neno hilo peke yake, injini haina njia ya kujua kama anatafuta kijiji cha Rufiji au mtu wa Kigali. Ukurasa unaotaja "Ngarambe, Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani" huondoa utata huo kwa msomaji na kwa injini.

Ngarambe pia ina nafasi katika historia ya Taifa. Hapo ndipo alipoishi Kinjikitile Ngwale, mganga ambaye mafundisho yake kuhusu maji yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali dhidi ya utawala wa Wajerumani katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Alinyongwa Mohoro, pia Rufiji, mwezi Agosti 1905. Hata hivyo, wasomaji wengi wanamfahamu kwa tahajia ya Kinjeketile, kutokana na tamthilia ya Ebrahim Hussein yenye jina hilo iliyochapishwa mwaka 1969. Ukurasa wa historia unaotumia tahajia moja tu unaweza kumkosa mwanafunzi aliyeandika nyingine. Inatosha kuandika mara moja, katika sentensi ya kawaida, kwamba jina hilo huandikwa pia kwa namna ya pili.

Hali ni hiyohiyo katika utalii. Vijiji vya Ngarambe na Tapika vina Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya MUNGATA, jirani na mfumo ikolojia wa Selous. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 30,893. Jina la Selous, lililoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1982, bado liko katika vitabu na ramani nyingi za wageni. Jumuiya inayotaka kufikiwa na wageni hao inapaswa kutaja majina yote mawili na kueleza uhusiano wake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni kichwa cha ukurasa. Kichwa kinachosema "Tangazo kwa Umma" hakimwambii msomaji wala injini jambo lolote, kwa kuwa maelfu ya matangazo yana kichwa hicho. Kichwa kinachosema "Ratiba ya Minada ya Ufuta Wilaya ya Rufiji" na kutaja msimu husika kina maneno ambayo mkulima huyaandika.

Ya pili ni kuandika tangazo kama maandishi. Barua iliyogongwa mhuri, ikapigwa picha na kupakiwa kwenye tovuti, huilazimu injini kukisia maneno yaliyomo, na mara nyingi hukosea. Nakala yenye mhuri iendelee kuwekwa kwa ajili ya kumbukumbu, lakini maelezo yake yaandikwe pia kwenye ukurasa wenyewe.

Ya tatu ni tarehe. Mafuriko yaliyoikumba Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024 yalifuatiwa na taarifa nyingi mtandaoni, na taarifa hizo bado zinapatikana. Msomaji anayekutana na tahadhari isiyo na tarehe anaweza kuhama bila sababu au, kwa kuwa ameshazoea taarifa za zamani, akapuuza tahadhari ya kweli. Siku, mwezi na mwaka viandikwe juu ya ukurasa.

Ya nne ni kujali simu. Google hutumia zaidi toleo la ukurasa linaloonekana kwenye simu katika kujenga faharasa yake. Ukurasa mzito kwa picha huchelewa kufunguka na humaliza kifurushi cha intaneti cha mwananchi aliye mbali na mnara wa mawasiliano.

Ya tano ni kutunza anwani za zamani. Tovuti inapohamishwa au eneo la utawala linapobadilika, kama Wilaya ya Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji, anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya. Ikifutwa tu, viungo vyote vilivyokuwa vikiielekea hupotea pamoja nayo.

Ya sita ni kupima. Google ina huduma isiyo na malipo iitwayo Google Search Console, inayomwonesha msimamizi wa tovuti maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kufika kwake, pamoja na kurasa zilizoshindwa kuingizwa kwenye faharasa.

Tahadhari kwa wasimamizi wa tovuti

Taasisi na vikundi vidogo vijihadhari na watu wanaoahidi kuiweka tovuti nafasi ya kwanza kwa malipo. Google yenyewe inaeleza kuwa hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi hiyo. Kulipia matangazo hukupa sehemu iliyowekwa alama kuwa ni tangazo, na hakupandishi nafasi ya ukurasa katika matokeo ya kawaida. Kununua viungo au kurudiarudia neno moja mara nyingi kunaweza kuishusha tovuti au kuiondoa kabisa.

Wajibu wa mwananchi

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza jitihada za Serikali Mtandao nchini. Anwani zinazoishia na .go.tz ni za taasisi za Serikali pekee. Mwananchi anayetafuta ajira, mnada au tahadhari ya hali ya hewa aangalie mwisho wa anwani kabla ya kujaza taarifa zake au kutuma fedha. Anaweza pia kuandika site:go.tz pamoja na maneno yake, mfano "site:go.tz ufuta Rufiji", ili apate kurasa za Serikali tu.

Kwa ofisa habari, kipimo ni chepesi. Baada ya kuweka tangazo, amuulize mkulima, mvuvi au mwanafunzi angeandika maneno gani kulitafuta. Siku chache baadaye ayaandike maneno hayohayo kwenye simu yake. Kama tangazo halionekani, arekebishe kichwa na maelezo yake kabla siku ya mnada haijapita.