Jiko la Mkaa Huishi kwa Hewa

Sogeeni, wanangu, lakini kaeni upande ambao upepo unawapiga mgongoni, moshi uende zake baharini. Leo siwasimulii habari za sungura na fisi. Nawasimulia habari za hili jiko dogo la mkaa, ambalo sisi wa Unguja tunaliita seredani. Kila mmoja wenu amekula akashiba kwa kazi yake, ila wachache sana wanajua linavyofanya kazi. Jioni hii tutachomea mishkaki hapa uani, na kesho tutalibeba twende nalo ufukweni. Anayetaka kulishika ajue kwanza jambo moja: moto wa mkaa unatawaliwa na hewa. Ukiijua hewa, umelijua jiko.

Tuanze na mkaa wenyewe. Huu ulikuwa mti. Mchoma mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, kisha akayatia moto na kuacha matundu machache tu. Humo ndani kuni hazipati hewa ya kutosha kuwaka. Hupata joto hadi maji yote yakatoka, moshi nao ukatoka, na kinachobaki karibu chote ni kaboni. Ndiyo maana mkaa ulioshika vizuri hauna moshi mwingi kama kuni. Moshi wake ulishaishia tanurini. Lakini kazi hiyo hula misitu. Kwa tanuri la udongo la kawaida, kilo 1 ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni. Kwa hiyo mtoto anayejaza jiko hadi pomoni ili achome muhindi mmoja, huyo anateketeza tawi zima la mti bila sababu.

Sasa litazameni jiko. Bibi zenu walipikia majiko ya bati tupu, ambayo sehemu kubwa ya joto lake haikuingia sufuriani, ilipotea pembeni na kuunguza miguu ya mpishi. Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1980 huko Kenya. Wataalamu walikuwa wameona Thailand jiko la umbo la ndoo lililojengewa udongo ndani. Lilihifadhi joto vizuri, ila lilikuwa zito. Wakenya wakalibana kiuno, wakaweka udongo uliochomwa sehemu ya juu tu, pale mkaa unapokaa, na chini wakaacha bati. Mafundi wa jua kali wa Nairobi wakaanza kuyagonga kwa nyundo, tena kwa vyuma chakavu, na jiko likaenea hadi Tanzania, Uganda na Rwanda. Ukililinganisha na la bati tupu, jiko hilo hupunguza mkaa kwa asilimia 30 hadi 50. Mimi nawaheshimu sana mafundi wale. Hawakungoja kiwanda, walichukua wazo la mbali wakalifanya liweze kubebwa kwa mkono mmoja.

Ingiza kichwa uone, we mdogo. Kuna sahani ya udongo yenye matundu, na chini yake chumba cha majivu chenye kimlango. Hewa huingia kwa kimlango, hupanda kwenye matundu, hupita katikati ya makaa, hutoka juu ikiwa ya moto. Fungua kimlango, moto unachangamka. Kifunge, moto unatulia. Majivu yakijaa humo chini, hata ungemwaga gunia zima la mkaa, jiko halitawaka. Ukiona jiko limelegea, usikimbilie kuongeza mkaa. Kwanza toa majivu.

Kuwasha ndiko watu wengi hukosea. Wapo wanaochoma mifuko ya plastiki, eti inashika haraka. Moshi wake ni sumu, na unaingia kwenye nyama mtakayokula. Wapo wanaomwaga mafuta ya taa au petroli juu ya makaa ambayo tayari yameanza kushika. Hapo mvuke wa mafuta hulipuka na moto hufuata mkono hadi kwenye chupa. Msifanye hivyo hata siku moja, na mkimwona mkubwa anafanya, mwambieni kwa adabu kisha mkae mbali. Vifuu vikavu viwili vinatosha kuwashia, au kaa la moto la kuomba kwa jirani.

Na kuna njia nyingine, nzuri kuliko zote nizijuazo. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, ondoa kitako na kifuniko, mtu mzima alitoboe matundu pembeni upande wa chini. Lisimamishe juu ya jiko, tia karatasi na vijiti chini, mkaa juu, washa. Mtauona moto unapanda wenyewe bila mtu kupepea. Sababu ni kwamba hewa ikipata joto huwa nyepesi, hupanda, na inapopanda huvuta hewa baridi iingie kwa chini. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyovuta. Mabomba marefu ya moshi ya viwandani hujengwa kwa sababu hiyo hiyo. Mkaa wa juu ukianza kuwa na rangi ya kijivu, mtu mzima hulinyanyua kopo kwa koleo, makaa yakamwagika mahali pake.

Hapo subirini. Najua njaa inauma, lakini nyama iliyowekwa mapema huungua nje na kubaki mbichi ndani. Makaa yawe yamevaa jivu jeupe, na ukitazama katikati uone wekundu. Weka kiganja juu yake, kadiri ya shibiri moja kutoka kwenye makaa, uhesabu. Ukilazimika kuutoa mkono kabla ya kufika tatu, moto ni mkali, unafaa kwa mishkaki midogo. Ukifika tano au sita, ni wa wastani, unafaa kwa samaki mzima, ndizi au muhogo.

Mishkaki hii nimeilaza kwenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi lililotwangwa. Papai bichi lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama, ndiyo maana hata nyama ngumu hulainika. Ukiiacha usiku kucha inalegea kupita kiasi na utamu wake unapotea, kwa hiyo saa moja au mbili zinatosha. Vijiti vimelowekwa majini nusu saa visiungue. Sikilizeni sasa: mafuta yakidondoka, yanachacharika, mwali unaruka. Wengi hapo hurusha maji, majivu yote yakapanda kwenye nyama. Ninyi sogezeni mishkaki pembeni na kufunga kimlango kidogo. Mwali ukikosa hewa utazimika wenyewe. Na sahani iliyobeba nyama mbichi isirudi kubeba iliyoiva kabla haijaoshwa kwa sabuni.

Mnaniuliza, mvua ikinyesha tuliingize jiko ndani? Hapana. Hapa nataka mnitazame usoni.

Kaboni ikipata hewa ya kutosha huungua yote. Ikikosa, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta, inashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu inazunguka mwilini bila kubeba uhai. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, kichefuchefu, kisha usingizi. Aliyelala hajui kitu. Miezi ya Juni na Julai, baridi inapokuwa kali Njombe, Makete au Limuru, kuna watu huingiza jiko chumbani wakafunga madirisha ili wapate joto, na asubuhi hukutwa wamekufa. Hawakuona moshi, wakadhani wako salama. Hata makaa yanayofifia, yale yanayoonekana yamekwisha, hutoa sumu hiyo kimyakimya. Kwa hiyo jiko halilali chumbani, haliingii kwenye hema, haliingii kwenye gari. Mkimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungueni milango, mtoeni nje, mpige kelele za msaada, apelekwe hospitali.

Safari ya kesho si ngumu. Jiko litabebwa likiwa baridi, mkaa ndani ya debe lenye kifuniko usilowe, kiberiti ndani ya kopo, koleo, wavu, ndoo ya bati na dumu la maji. Dumu la maji ni lazima hata kama bahari iko karibu. Tukifika, tutatafuta mahali patupu, mbali na majani makavu, makuti na mashua za watu, na kimlango tutakielekeza kulingana na upepo: ukiwa mkali, tutakigeuza upande wa pili usije ukapuliza cheche. Moto mdogo wa msafiri unaweza kuwa mkubwa. Oktoba 2020, moto ulizuka Mlima Kilimanjaro eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, na taarifa za mwanzo za wenye hifadhi zilisema ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na ulichukua siku nyingi.

Tukishamaliza kula, msije mkafukia makaa mchangani. Mchanga huzuia joto lisitoke, makaa yakabaki ya moto kwa saa nyingi bila kuonekana, na mtoto wa mtu mwingine akaja kuyakanyaga kwa mguu mtupu. Wala msimwagie jiko maji, maana udongo wa moto ukipata maji ghafla hupasuka. Mtu mzima atayachukua makaa kwa koleo, moja moja, ayatie kwenye ndoo yenye maji. Ninyi mkae mbali na mvuke. Yakipoa tutayarudisha nyumbani, tuyaanike juani, yatawaka tena siku nyingine. Jiko lenyewe litaachwa wazi lipoe. Kabla ya kulipakia, kila mmoja wenu atasogeza mgongo wa mkono karibu na bati. Likiwa bado lina vuguvugu, tutakaa tungoje, hata kama jua limeshazama.